Tathmini: seli za Daudi, Raji na Namalwa, baada ya kuzilea maabarani kwetu Mwanza

Nianze na hukumu, maana najua wengine mnasoma huku fomu ya manunuzi iko mezani na mwaka wa fedha unakaribia kufungwa. Kama maabara yenu ina uwezo wa kununua laini moja tu ya seli za saratani ya watoto, nunueni Daudi. Mkiwa na uwezo wa mbili, ongezeni Raji. Namalwa ni ya kazi maalumu, nitaieleza. Daudi naipa nyota nne kati ya tano, Raji tatu na nusu. Nyota niliyoizuia kwa Daudi haihusu ubora wa seli. Inahusu yale ambayo kichupa hakina, na ambayo sisi wa Kanda ya Ziwa ndio tunaoyahitaji zaidi.

Kwa asiyeifahamu kazi hii: laini ya seli hupatikana pale seli za uvimbe wa mgonjwa mmoja zinapowekwa kwenye midia ya kuoteshea na, badala ya kufa baada ya wiki chache kama wenzao wengi, zinaendelea kugawanyika bila kukoma. Hapo zinaweza kugandishwa, kusafirishwa, kuyeyushwa na kuanza tena. Maabara ya Nairobi na ya Tokyo zinaweza kupima dawa moja juu ya seli za asili moja na kulinganisha majibu. Uvimbe wa mtoto ni mdogo na damu yake ni kidogo, kwa hiyo kwa saratani za watoto thamani ya laini moja ni kubwa kupita kiasi. Huwezi kurudi kwa mtoto kila wiki kuomba kipande kingine.

Hizi tatu zote ni za limfoma ya Burkitt, ule uvimbe wa taya, tumbo au jicho ambao wauguzi wa wodi za watoto kuzunguka Ziwa Victoria wanautambua kabla daktari hajafungua faili. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Mulago, Kampala, aliuandika mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili waliendesha gari kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, hospitali kwa hospitali, wakiuliza wapi uvimbe huu upo na wapi haupo. Ramani waliyorudi nayo ilifuata joto na mvua, na baadaye ikaeleweka kwamba inafuata malaria.

Raji ilianzishwa na mtaalamu wa patholojia R. J. V. Pulvertaft mwaka 1963 kutoka kwenye taya la mvulana wa Nigeria wa miaka 11. Daudi ni ya mwaka 1967, ya kijana wa Kenya wa miaka 16. Wakati huo Peter Clifford, daktari wa upasuaji wa masikio, pua na koo jijini Nairobi, alikuwa akituma vipande vya uvimbe kwa ndege hadi Stockholm kwa Eva na George Klein, wa Taasisi ya Karolinska, na ndio walioielezea Daudi katika jarida mwaka 1968. Namalwa ni ya mtoto wa kike wa Uganda, mwaka 1967 huohuo. Katika hazina ya seli ya ATCC ya Marekani Raji ni CCL-86, Daudi ni CCL-213 na Namalwa ni CRL-1432. Hazina ya DSMZ ya Ujerumani nayo inazo zote tatu.

Sasa kichupa chenyewe. Ni cha plastiki, kifuniko cha kusokota, kina mililita moja hivi ya seli zilizogandishwa pamoja na DMSO, kimiminika kinachozilinda barafu isizipasue. Bei yake ni mamia ya dola, na usafiri hadi Afrika Mashariki unaweza kuipita bei hiyo. Hapa ndipo pa kuwa mkali. Kichupa husafiri ndani ya barafu kavu, na barafu kavu huyeyuka na kuwa hewa iwe mzigo umetolewa au umekaa uwanja wa ndege ukisubiri mhuri. Wakala aliyetuletea mzigo wa kwanza, ambaye simtaji, hakuwa ameandaa kibali cha kuingiza vitu vya kibaolojia kabla ndege haijaondoka. Boksi lilikaa. Lilipotufikia, barafu ilikuwa imebaki vipande vidogo pembeni. Daudi zilisalimika, zaidi ya nusu zikiwa hai. Raji za boksi hilohilo ziliamka kwa shida, tukazibembeleza mpaka zikakaa sawa. Tangu hapo hatukubali wakala yeyote asafirishe kabla hatujaiona nakala ya kibali, na tunaomba mzigo uondoke Jumatatu, si Alhamisi.

Kuziamsha si kazi ngumu. Unazamisha kichupa kwenye maji ya nyuzi 37, unakitikisa taratibu mpaka kibaki kipande kidogo cha barafu, halafu haraka unahamishia kwenye midia ya uvuguvugu na kuzizungusha kwenye sentrifyuji ili kuondoa DMSO, kwa kuwa ikibaki kwenye joto inazidhuru. Midia yao ni RPMI 1640 yenye seramu ya ndama asilimia 10. Zikiwa zimetoka safarini mimi naanza na asilimia 20, nashusha zikichangamka. Inkubeta iwe nyuzi 37 na hewa ya kaboni asilimia 5.

Zinaelea. Hili ni jambo zuri sana kwa maabara changa, kwa sababu hakuna haja ya tripsini ya kuzibandua kwenye flaski. Unachota, unahesabu, unaongeza midia, umemaliza. Na kuelea huku kuna historia ndefu. Desemba 1963 sampuli ya uvimbe iliyokuwa inatoka Kampala kwenda London kwa mtafiti wa virusi Anthony Epstein ilichelewa, maana ukungu uliilazimisha ndege kutua Manchester. Ilipofika, maji yake yalikuwa na ukungu wake, kila mtu akadhani bakteria wameshaingia. Epstein akaweka tone chini ya hadubini kabla ya kutupa, akakuta seli za uvimbe ziko hai, zimejitikisa kutoka kwenye kipande njiani na zinaelea peke yake. Kabla ya hapo walikuwa wamejaribu kuotesha vipande na kushindwa. Kutoka kwenye seli zile zinazoelea yeye na wenzake Bert Achong na Yvonne Barr wakaviona virusi kwa hadubini ya elektroni na kuvitangaza Machi 1964, ambavyo leo tunaviita virusi vya Epstein-Barr. Ndiyo vya kwanza kujulikana kuhusishwa na saratani ya binadamu. Nawasimulia wanafunzi habari hii kila mwaka kabla hawajagusa pipeti, kwa sababu inawafundisha kutazama kabla ya kumwaga.

Chini ya hadubini Daudi zinaonekana kama punje za ulezi zilizomwagwa kwenye kioo, mviringo, zinang'aa pembeni, nyingine mojamoja na nyingine kwenye vichungu vidogo. Zikianza kuwa na kingo chafu na vumbi vumbi katikati, njaa imeingia au zimesongamana. Hazipendi upweke. Usizishushe chini ya seli laki tatu kwa mililita, la sivyo zinadumaa na unadhani midia ni mbovu. Zinaongezeka maradufu kwa siku moja na kitu hadi mbili. Raji ni wepesi zaidi na wanavumilia mikono ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, ndiyo maana kwa kufundishia kuhesabu seli kwa rangi ya bluu ya trypan natumia Raji: zilizokufa zinanyonya rangi, zilizo hai zinabaki nyeupe, na hata mwenye macho mageni anaona tofauti.

Gharama halisi haiko kwenye kichupa, iko kwenye seramu. Chupa ya nusu lita ya seramu nzuri inaumiza, na inaisha. Ya pili ni umeme. Inkubeta ikizima usiku mmoja seli hizi zinaweza kuvumilia, mbili sijui mtu anayependa kujaribu. Ya tatu ni naitrojeni ya maji kwa ajili ya akiba, nyuzi 196 chini ya sifuri. Huku kwetu watu wanaoijua vizuri ni wa uhimilishaji wa ng'ombe, na bila wao akiba yetu ingekuwa imekufa zamani. Mwenye maabara mkoani asione haya kuwagongea hodi. Wanahifadhi mbegu za madume kwenye matangi yaleyale unayoyahitaji, na wanajua kupima kina cha naitrojeni kwa kijiti bila kuungua vidole. Na jambo la kwanza kufanya na kichupa kipya, kabla ya jaribio lolote, ni kuzizalisha na kugandisha vichupa vyako vingi, ili usije ukanunua tena.

Usalama: Raji, Daudi na Namalwa zote zina DNA ya virusi vya Epstein-Barr ndani yake. Fanyeni kazi ndani ya kabati la usalama la daraja la pili, glavu, mabaki ya maji yaende kwenye dawa ya klorini, na makavu kwenye otoklevu; chenye klorini kisiingie otoklevu. Maabara isiyo na kabati hilo isinunue kabisa.

Zinafaa kwa nini? Daudi ina sifa moja inayoifanya iwe ya pekee. Jeni yake ya protini ya beta-2 mikroglobulini imeharibika mahali pa kuanzia, kwa hiyo haitengenezi protini hiyo, na bila hiyo molekuli za HLA za daraja la kwanza, vitambulisho vya seli mbele ya kinga, hazifiki juu ya ngozi ya seli. Seli asilia za kuua, zile za kinga zinazotafuta seli zisizoonyesha kitambulisho, zingetarajiwa kuziona Daudi mara moja, lakini zikiwa hazijachochewa haziziui kwa urahisi. Ukitaka kupima kama seli hizo kutoka kwenye damu ya mtu zina nguvu zikishachochewa kwa interleukini-2, protini inayoamsha kinga, Daudi ni shabaha nzuri. Pia Daudi zinasikia sana interferoni, protini ya mwili ya kupambana na virusi, zinapunguza kukua kwa dozi ndogo. Daudi na Raji zote zina protini ya CD20 nyingi juu yake, ndiyo maana zinatumika kupima rituximab, dawa inayoishika protini hiyo, na nakala zake za bei nafuu. Kwa nchi zinazonunua nakala hizo hilo ni jambo la maisha na kifo: maabara ya hapa inaweza kuona kwa macho yake kama dawa iliyofika bandarini inaua seli inazopaswa kuziua. Raji nazo ni shabaha ya kawaida duniani kote kwa wanaotengeneza tiba ya seli T za kinga zilizobadilishwa ili ziwinde saratani.

Namalwa ilipata umaarufu mwingine kabisa. Kampuni ya Wellcome ya Uingereza iliikuza kwenye matangi ya maelfu ya lita, ikaichokoza kwa virusi vya Sendai, ikavuna interferoni alfa iliyouzwa kama dawa. Seli za mtoto wa Uganda zikawa kiwanda. Kwa maabara ndogo siioni sababu ya kuinunua isipokuwa mnafanya kazi ya interferoni.

Niseme neno kwa wanafunzi wanaoniletea dawa za miti shamba kupimwa juu ya Daudi, maana ni wengi na nawapenda kwa bidii yao. Dawa yako ikiziua Daudi kwenye sahani ya visima 96, na rangi ya zambarau ya MTT, kipimo cha seli zilizo hai, ikapotea, bado hujapata dawa ya saratani. Hata sabuni inaziua. Weka kando ya kila kisima seli za kawaida za damu ya mtu mzima mwenye afya, pima kwa dozi hizohizo, weka vinkristini, dawa ya saratani ya hospitali, kama kipimo cha kulinganishia. Kama dawa yako inaua Daudi na kuziacha zile za kawaida, hapo njoo tukae. Nikiona jarida limechapisha picha za Daudi zilizokufa bila mlinganisho huo, nasikia uchungu kwa ajili ya mzazi atakayesoma kichwa cha habari na kuacha vidonge vya hospitali.

Sasa ile nyota.

Mwanafunzi mmoja wa kutoka Geita, msichana mkimya, aliniuliza tukiwa tunahesabu: "Mwalimu, shikamoo, samahani. Huyu Daudi alipona?" Nikamwambia karatasi iliyokuja na kichupa haisemi. Inasema umri, jinsia, rangi ya ngozi, aina ya ugonjwa. Haitaji wilaya, haisemi alipewa dawa gani, haisemi kama mama yake aliulizwa. Kwa karatasi ya bidhaa ya mamia ya dola, huo ni upungufu wa bidhaa, na nauhesabu hivyo. Kujua kama seli zilichukuliwa kabla ya dawa au baada ya ugonjwa kurudi ni habari ya kisayansi. Bila hiyo unapima dawa gizani.

Kuna upungufu mwingine ambao hauko kwenye karatasi. Ndani ya mwili wa mtoto, seli za Burkitt huwa zinaonyesha protini moja tu ya virusi, EBNA1, na kwa njia hiyo zinajificha zisionwe na kinga. Zikikaa maabarani miaka, laini nyingi hubadilika na kuanza kuonyesha protini nyingine ambazo uvimbe halisi hauonyeshi. Raji ni mfano unaojulikana. Daudi yenyewe imebeba virusi vilivyopoteza jeni ya EBNA2, protini nyingine ya virusi hivyo. Tena zote tatu zina hitilafu ya TP53, jeni inayoiambia seli ijiue ikiharibika, kwa hiyo majibu yake kwa dawa si lazima yafanane na ya mtoto ambaye jeni hiyo ni nzima. Zinabaki na alama kuu ya ugonjwa, ule uhamisho kati ya kromosomu 8 na 14 unaoiweka jeni ya MYC, inayoiamuru seli igawanyike, mahali ambapo haizimiki, na hilo ndilo linalozifanya ziwe za kuaminika kwa maswali mengi. Lakini ni watoto watatu wa miaka ya 1960. Haziwezi kumsemea mtoto wa Sengerema wa leo, aliyeugua malaria za leo.

Ndiyo maana ninapoandika tathmini hii ninaona bidhaa bora kuliko Daudi ingekuwa ile tutakayoianzisha wenyewe. Jambo hili linawezekana. Burkitt ni miongoni mwa saratani za watoto ambazo seli zake hukubali kukua maabarani, tofauti na uvimbe mwingi wa ubongo. Kinachotakiwa ni kipande kidogo au maji ya tumbo kutoka wodini kabla ya dawa ya kwanza, yafike maabarani siku hiyohiyo kwenye midia yenye antibayotiki, na mtu mvumilivu wa kuyatazama kwa miezi.

Mtego mkubwa ni huu: virusi vya Epstein-Barr vinaweza kuziambukiza seli B (seli nyeupe za damu) za kawaida zilizokuja na sampuli na kuzifanya nazo zigawanyike bila kukoma. Unafurahi umepata laini ya Burkitt, kumbe umeotesha seli za kawaida za mtoto. Zinakua kwa vichungu vikubwa vyenye manyoya, na hazina ule uhamisho wa 8 na 14. Lazima kupima kromosomu, na lazima kuchukua alama za DNA za STR, vipande vinavyojirudia vinavyomtambulisha mtu, kutoka kwenye sampuli ya kwanza na kuzilinganisha baadaye, kwa sababu seli za maabara moja huingia kwenye flaski ya nyingine bila mtu kuona. Laini nyingi duniani zilizouzwa kwa jina fulani zimekuja kugundulika kuwa HeLa, laini ya zamani ya saratani ya mlango wa kizazi. Mikoplazma, bakteria wadogo sana, nayo ipimwe kila mwezi, haionekani kwa hadubini ya kawaida na inaharibu kila jibu.

Na ridhaa iandikwe kwa Kiswahili au Kisukuma ambacho mama anakielewa: kwamba seli za mwanawe zinaweza kuishi kuliko sisi sote, zinaweza kuuzwa, na nani atafaidika. Mama akikataa, mtoto anatibiwa vilevile. Nimekaa na akina mama wodini, wengi wanakubali, na swali lao la kwanza ni kama itasaidia watoto wengine. Katika nchi tajiri karibu watoto tisa kati ya kumi wenye ugonjwa huu wanapona. Kwetu ni wachache mno kwa kulinganisha, na sababu nyingi si za maabara: nauli, kuchelewa, dawa kuisha. Siwezi kudai kwamba laini ya seli inalipa nauli ya basi. Inaweza kutuambia mapema kama dawa ya bei nafuu tunayoinunua inafanya kazi juu ya uvimbe wa watoto wetu.

Kwa atakayeagiza wiki hii: omba namba ya toleo na cheti cha STR cha toleo hilohilo, si cha jumla. Uliza seli zimehamishiwa flaski mpya mara ngapi tangu akiba ya kwanza. Hakikisha cheti kinaonyesha hakuna mikoplazma. Nunua kutoka hazina yenyewe au wakala wake aliyeidhinishwa, usikubali flaski ya bure kutoka kwa rafiki wa chuo kingine bila kuipima, hata kama rafiki ni wa kuaminika. Weka oda ya seramu kwanza, seli baadaye, kwa sababu seramu ndiyo huchelewa. Na mwambie mtu wa uhimilishaji kabla boksi halijafika, ajaze tangi.